Ritifaa ya Baker's Row

Mtaani kwetu hakuna mtoto aliyenishinda kwa imla. Haya, darasa letu tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa kitandani na surua.

Kila Ijumaa nikitoka shule, Mama alisugua kizingiti cha mlango kwa jiwe jeupe, nami nikalipaka jiko la makaa polishi nyeusi mpaka ling'ae. Lancashire ya siku hizo ilinuka moshi na mkate. Hata leo naitamani harufu hiyo.

Ijumaa moja halmashauri ikabandika kibao kipya cha mtaa: BAKERS ROW. Ritifaa ya kabla ya S, ile alama unayoiona kwenye ng'ombe, hakuna! Jirani yetu mjane, Bi Hepworth, alilia.

“Mtaa huu ni wa mwokaji mmoja, babu yake marehemu mume wangu. Bila alama hiyo ni wa waokaji wengi. Sasa wamemfuta!”

Akawaandikia barua kali. Nami nikapanda juu ya ndoo, nikairudisha ritifaa kwa polishi ya jiko. Jumapili mvua ikaiosha yote. Lakini Jumatatu asubuhi, kumbe ipo tena, nene kuliko yangu!

Bwana Ogden wa halmashauri alikuwa akipita na baiskeli. Akasimama, akabisha kwa Bi Hepworth.

“Mama, barua zako tumezisoma. Sasa umechafua kibao. Kazi yako ya kufagia maktaba yetu, basi tena!”

Majirani wakatoka, Baba naye pia. Nikasogea.

“Ni mimi, Bwana. Kwa polishi ya jiko.”

Ogden akagusa kibao, akanusa kidole. “Polishi? Hii rangi ya mafuta, tena mbichi! Hettie, usimkingie mtu kifua kwa uongo.”

Mara ya kwanza kusema kweli bila kulazimishwa, nikaitwa mwongo!

“Nani mwenye rangi hapa?” akauliza Ogden. “Wewe, Bwana Greenwood?”

“Mimi?” akasema Baba. “Tangu Krismasi sijashika brashi.” Akaniwekea mkono begani, akakohoa kama mchungaji kanisani. “Mwanangu kakiri kosa lake mbele za watu. Watoto wote waige. Mtu akikosea, aseme mwenyewe, asingoje mwingine aumie.”

Akauondoa mkono. Kwenye aproni yangu nyeupe ya shule vikabaki vidole vitano vyeusi, vimechapika vizuri kabisa.