Mkono Ndani ya Sanduku la Kura

Jumamosi ile nilikuwa nakuna nazi jikoni kwetu, hapa Colombo, na kaka yangu Asanga alikuwa anajishughulisha na tai mpya. Klabu ilikuwa inampigia kura jioni hiyo. Klabu yenyewe ina tenisi, biliadi, bwawa la kuogelea, na watu wanaodhani jua huchomoza kwa ruhusa yao. Baba yetu alibeba masinia pale mpaka akafa. Mama alikuwa akimpelekea chakula, lakini hakuruhusiwa kuvuka lango la nyuma hata siku moja. Ndiyo maana Asanga, wakili mzima, alikosa usingizi kwa ajili ya uanachama ule.

"Mama atakaa barazani," aliniambia. "Kwenye viti vyao vile vile. Aletewe chai."

"Umemuuliza kama anaitaka?"

"Acha nuksi zako, we Nilmini."

Kura yao ni ya siri. Kuna sanduku la mbao lenye tundu. Unaingiza mkono na gololi, unaiangusha upande wa kulia ukimkubali mtu, kushoto ukimkataa. Hakuna anayekuona.

Mapema usiku huo Dokta Ellepola, aliyempendekeza Asanga, alikuja nyumbani. Hakutaka kukaa. Gololi zote zilikutwa kushoto, alisema, hata yake.

"Na wewe, Dokta? Umenikataa?"

"Sikukukataa, mwanangu." Akashusha sauti. "Mle ndani kuna mkono. Ulinishika, ukanivuta kushoto. Wenzangu nao uliwashika, naona nyuso zao, ila wanaona aibu kusema. Kidole cha mwisho hauna."

Mimi na kaka tulitazamana. Baba alipoteza kidole hicho pale pale klabuni, chupa ya soda ilipompasukia. Walimfunga kitambaa, akaendelea kuhudumia meza.

Dokta akang'ang'ania kura irudiwe. Kabla ya siku ya marudio, mchana kweupe, alituingiza kwenye chumba chenye sanduku. Asanga akakunja mkono wa shati. Akaingiza mkono.

Ukakwama.

"Kaka?"

Jasho likamtoka. Bega likavutwa. Mbao zikalia.

"Baba," alinong'ona. "Niachie. Ni kwa ajili ya Mama."

Kisha akautoa mkono. Ngozi yake ilinuka sabuni ya vyombo.

"Ameniachia," akasema, huku analia.

Kura ya pili alipita. Hapakuwa na gololi hata moja kushoto.

Jumapili tukampeleka Mama. Alivaa sari yake nyeupe ya ujane, akakaa ukingoni mwa kiti. Asanga akaenda kupeana mikono na wakubwa. Mimi nilifuata miwani ya Mama garini. Niliporudi, bibi mmoja mwenye lulu shingoni alikuwa anamnyooshea Mama glasi tupu, wala hamtazami.

"Niletee nyingine. Barafu kidogo."

Mama akainuka. Akaipokea kwa mikono miwili.

Nilimwita kaka kwa sauti iliyogeuza vichwa vya baraza zima, na sikujali. Tulipofika pale, Mama hayupo. Hakuwahi kuingia jengo lile. Hakujua jiko liko wapi.

Tulimkuta jikoni.

Hapakuwa na mhudumu hata mmoja, wote walikuwa uwanjani kwenye fainali ya tenisi. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli, miguu kainyoosha, ametulia. Kando ya sinki, glasi ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa juu ya kitambaa, bado inachuruzika. Nikamshika mikono. Ilikuwa mikavu.

"Nani ameiosha, Mama?" Asanga alinong'ona.

Hatukuwa tumemwambia neno lolote kuhusu sanduku. Naapa, hata moja. Mama akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyotuvunja.

"Baba yako alikushika kwa nguvu zake zote, mwanangu. Kwa nini ulimwomba akuachie?"