Nimetaja, Baba

Majirani zangu, wazazi wenzangu, na wewe unayesoma huku macho yanakuwasha kwa kukosa usingizi, tulieni nisimulie. Jambo hili limetokea nyumba ya jirani tu, ubavuni mwangu. Ukuta wetu ni mmoja, na dirisha la chumba ninachoshonea linatazama uani kwao. Sikuhadithiwa. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyaona nikayacheka, ndiyo maana leo siwezi kunyamaza.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Mwenye nyumba tulimwita Mzee Ishara, kwa kuwa alikaa miaka thelathini na moja kwenye kibanda cha reli, akivuta vyuma vya kubadilisha njia ili treni zisigongane. Binti yake anahudumia wateja dirishani katika duka kubwa la dawa. Yeye tulimwita Kompyuta, maana alikuwa haandiki kitu. Nani anatumia dawa gani, kiasi gani, tangu lini, yote aliyaweka kichwani. Mumewe ni seremala, mtu mpole, nywele zimejaa unga wa mbao siku zote.

Jumapili asubuhi uani kwao palikuwa pazuri kupatazama. Mzee anakaa kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, kikombe cha chai mkononi. Kompyuta anakaa kwenye kigoda mbele yake, na mapajani ameweka kijisanduku cha plastiki chenye vyumba kumi na vinne: siku saba, asubuhi na jioni. Mzee alikuwa na sukari na presha. Kidonge cha sukari alimeza kimoja asubuhi. Cha presha kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vyote vidogo, vyote vyeupe, na mzee mwenyewe macho yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Kwa hiyo binti alijaza kijisanduku, na kila chumba alikinyoshea kidole akataja kwa sauti.

"Jumatatu asubuhi. Sukari moja, presha moja."

"Imepita," mzee anajibu.

"Jumatatu jioni. Presha moja."

"Imepita."

Huo ulikuwa utaratibu wa relini. Mmoja anainyoshea ishara kidole na kutaja anachokiona, ndipo mwenzake anajibu "Imepita" na kuvuta chuma. Na mwenzako akikwambia ametaja, huulizi mara ya pili. Unavuta. "Macho peke yake hayaaminiki," mzee alikuwa akituambia. "Yanakuonyesha kile ulichozoea kukiona." Nilikuwa nikiwasikiliza huku cherehani yangu inalia, nikajisemea moyoni kwamba nyumba ile imetulia.

Utulivu ule haukudumu.

Kazini kwao palitangazwa mtihani wa kumpata msimamizi wa duka, na Kompyuta akautaka kwa moyo wote. Simlaumu kwa kuutaka. Alistahili. Lakini alianza kujibana mahali pasipobanwa. Usingizi aliukata ukabaki saa tatu, nne akijitahidi sana, na hata hizo alizila nusu kwa kuchezea simu, eti anapumzisha akili. Asubuhi alitoka bila kutia kitu mdomoni. Maji alikuwa hanywi kwa sababu choo cha dukani kiko nyuma ya ghala, na ukiondoka dirishani foleni inanung'unika. Mchana alikula biskuti akiwa amesimama, akashushia na kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu. Kutembea jioni na baba yake hadi mwisho wa mtaa, jambo walilolifanya miaka yote, akaliacha.

"Kula hata yai moja kabla hujatoka," mumewe alimwambia siku moja uani, nami nasikia.

"Nitakula hukohuko."

"Na jana ulisema hukohuko."

"Ubongo sio tumbo, mume wangu. Wenyewe hausikii njaa."

Ndugu msomaji, yashike maneno hayo. Tutayarudia, na hatutayarudia kwa kicheko.

Dalili zikaanza kuja mojamoja. Funguo za nyumba zilitafutwa siku nzima, zikakutwa ndani ya friji. Asubuhi moja alinisalimia mara mbili kwa dakika tano, kisha akaniuliza kama mdogo wangu amejifungua, wakati mtoto huyo yeye mwenyewe alikuwa amembeba wiki iliyotangulia. Nikamtania, "Kompyuta imejaa hiyo, ifutwe mafaili." Tukacheka sote wawili, ila yeye alichelewa kidogo kucheka, utadhani utani umemfikia kwa posta.

Baadaye akaniambia kwamba kazini amempa mama mmoja dawa ya kupaka ngozi badala ya dawa ya macho. "Bahati nzuri alisoma kabla hajaondoka," alisema huku akitabasamu. Mimi nilikuwa napima pindo la gauni. Nilisema "Pole," nikaendelea na pindo langu.

Jumapili iliyofuata alitoka uani na kijisanduku, macho mekundu, daftari la masomo limefunguliwa pajani. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na paketi tatu za dawa za mzee, mbili za sukari na moja ya presha, na zote zinafanana rangi. Akatoa mbili za kwanza kumjia mkononi. Mimi nilikuwa dirishani nikishona vifungo vya shati la mteja. Nilimwona anadondosha vidonge chumba baada ya chumba, jicho moja kijisandukuni, jingine daftarini. Kidole hakikunyooka. Sauti haikutoka.

Mzee akainua uso. "Mbona leo sisikii kitu?"

"Nimetaja, Baba. Ulikuwa umesinzia."

 Mzee alikuwa hajasinzia, kikombe kilikuwa mkononi mwake na alikuwa akikizungusha. Lakini aliyesema ametaja ni mwenzake wa zamu, na ni mwanawe.

"Imepita," alisema.

Nilisikia wazi. Nilijua hajataja. Ningeweza kunyanyua sauti nikasema, "Wewe binti, hebu rudia." Nikajiambia amechoka, mwache, ni mambo ya kwao hayo. Vifungo vile nilivimaliza vizuri sana.

Jumatatu ikapita. Jumanne mzee alitoka jasho asubuhi ambayo mimi nilijifunika kanga mbili kwa baridi. Jumatano nilipompelekea maandazi alinyosha kidole kwenye mlango wa jikoni akasema, "Dirisha. Limefungwa." Seremala akanitazama, nami nikamtazama. Tukadhani ni uzee unaingia. Kompyuta akatoka chumbani anafunga saa mkononi huku anatafuta kiatu cha pili.

"Baba, mbona jasho?"

"Mikono inatetemeka, mwanangu. Na kichwa chepesi."

Mtu anayeshinda dukani akiwaeleza wengine dalili hizo alimpita baba yake kwa hatua mbili, akainama kuvaa kiatu.

"Ni umri huo, Baba. Wewe meza dawa zako tu, usiruke hata moja."

Na mzee hakuruka hata moja.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, nilisikia kiti kikianguka. Niliita, sikujibiwa. Nilizunguka ukuta nikaingia uani. Mzee Ishara alikuwa chini, chai imemwagika kifuani, macho wazi lakini hayamtazami mtu, na kidole cha shahada kimenyooka kuelekea kwenye ukuta mtupu. Mdomo ulikuwa unachezacheza bila neno. Niliogopa, ndugu zangu, hofu ambayo sijawahi kuiona. Nilipiga kelele hadi seremala akaja mbio kutoka karakana, tukampakia kwenye gari la jirani. Sijui nani aliniambia nichukue kijisanduku cha dawa. Nilikichukua.

Hospitali walimtoboa kidole, wakapima, wakakimbilia kumtundikia dripu. Kompyuta aliwasili na koti lake jeupe la kazini.

"Anatumia nini?" daktari alimuuliza. Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini.

"Ya sukari moja, asubuhi tu. Ya presha moja asubuhi, moja jioni." Alitamka bila kusita, kama ilivyo kawaida yake.

"Una uhakika?"

"Ninajaza mwenyewe."

Nikatoa kijisanduku. Daktari akafungua chumba cha Alhamisi jioni, akamimina kidonge kiganjani, akakigeuza karibu na taa kusoma alama yake. Akafungua Ijumaa, kisha Jumamosi. Hakupandisha sauti.

"Hizi zote ni za sukari. Mzee huyu amekuwa akimeza tatu kwa siku. Ya presha hakuna."

Kompyuta akafungua mkoba. Paketi ya presha ilikuwa humo, chini ya makopo mawili matupu ya kile kinywaji, haijakatwa hata ncha. Aliishika kwa mikono miwili na akakaa sakafuni palepale, koti jeupe na vyote.

Daktari alitueleza mimi na seremala polepole. Vidonge vile vimeishusha sukari yake mno, na ubongo hauna ghala la kuwekea chakula, alisema. Unakula sukari iliyomo kwenye damu, saa baada ya saa, na damu ikikosa, ubongo ndio unaotangulia kulala njaa. Ukilala njaa kwa muda mrefu, baadhi ya sehemu zake haziamki tena.

"Najua," Kompyuta alisema kutoka sakafuni. "Niliusoma ukurasa huo Jumamosi. Niliusoma mara tatu haukuingia."

Mzee alifumbua macho siku ya pili. Miguu ilirudi, na mikono nayo ikarudi. Maneno hayakurudi yote, na yaliyorudi yamekaa mahali pasipo pake. Siku ya mtihani ilimkuta Kompyuta kando ya kitanda, akimlisha baba yake uji kwa kijiko, na hakuna aliyemkumbusha.

Sasa hivi ukija kwangu Jumapili asubuhi utawaona. Kompyuta amekula, amelala, chupa ya maji iko karibu na mguu wake, na kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi ambayo seremala ameigongomea ukutani. Anafungua chumba, ananyosha kidole, anataja kwa sauti inayofika hadi kwenye cherehani yangu.

"Jumatatu asubuhi. Sukari moja, presha moja, Baba."

Mzee ananyosha kidole chake pia. Kinatetemeka, lakini kinalenga kijisanduku barabara. Anatafuta neno. Alilisema maelfu ya mara kwenye kibanda cha reli, akazilinda nalo roho za watu asiowajua. Analitafuta mpaka jasho linamtoka.

"Kikombe," anasema.

Binti anasubiri. Anasubiri zaidi. Kisha analisema yeye mwenyewe, kwa niaba yao wote wawili. "Imepita."

FUNZO

Usiseme binti yule alikuwa mzembe. Alikuwa hodari kuliko wewe na mimi, na uhodari wake ndio uliomfanya adhani kichwa chake hakihitaji kulishwa. Kichwa kina njaa yake, kina kiu yake, na kina usingizi wake ambao hakuna kopo linaloweza kuulala badala yako. Kula asubuhi kabla ya kuondoka, hata kama ni kidogo. Kunywa maji, na foleni inayonung'unika iache inung'unike. Inuka utembee na mtu unayempenda hadi mwisho wa mtaa. Simu iache sebuleni, ukalale. Na ukiona umeanza kuweka funguo kwenye friji, usicheke. Huo ni ubongo unaobisha hodi.

Nasi majirani tuna fungu letu. Mimi nilikaa dirishani na ukweli mdomoni nikashona vifungo. Ukimwona mwenzako amechoka hadi anataja asichokiona, mtie aibu ndogo leo, mwambie arudie.

Na wewe ambaye kazi yako imeshika uhai wa mtu, uwe unaendesha gari, unachanganya dawa au unampikia mgonjwa wako nyumbani, nyosha kidole utaje kwa sauti. Siku utakayojikuta umechoka kiasi cha kusema umetaja na hujataja, weka chini ulichoshika, uende ukalale.