Nyumba Aliyoichagua Mosi

Jumamosi ile soko la samaki la Mbamba Bay lilikuwa limefurika. Mitumbwi ilikuwa imeshusha usipa, dagaa wa ziwani, tangu alfajiri, na akina mama walikuwa wameuanika kwenye vichanja, vilipojaa wakatandaza maturubai mpaka njiani, kiasi kwamba mgeni alipaswa kuangalia anakanyaga wapi. Mgeni mmoja hakuangalia.

"Wee kaka! Unakanyaga mboga ya watu!"

Aliyepiga kelele alikuwa Mosi, binti wa marehemu Nurdini aliyekuwa na duka la nguo pale mjini. Alivaa gauni la kijani lililombana vizuri kiunoni na mtandio wa njano, na mkoba wake ulilia kila alipopiga hatua.

"Samahani sana, dada. Ni wako?"

"Si wangu. Ungekuwa wangu, sasa hivi ungekuwa unaununua wote."

Yule mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na jasho lilikuwa likimchuruzika kutoka kidevuni hadi kwenye kola ya sweta zito la rangi ya kahawia.

"Umeshuka kutoka Mbinga leo," Mosi alisema.

"Umejuaje?"

"Sweta. Huku tukimwona mtu na sweta mchana, tunajua ama ana malaria ama ametoka Mbinga."

"Basi mimi ni wa Mbinga. Malaria bado." Akalivua, akalifunga kiunoni. "Naitwa Wilfred. Mpima ardhi. Nimehamishiwa hapa kikazi na sina hata pa kulaza kichwa. Natafuta nyumba ya kupanga."

Mosi akautikisa mkoba wake. Ulikuwa umejaa funguo. "Umekanyaga usipa mbele ya mtu sahihi. Mimi ndiye dalali."

Alimtembeza siku mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko. Wilfred alivuta pumzi moja mlangoni akageuka. Ya pili ilikuwa mlimani, ziwa lote likionekana kama karai la bati lililowekwa juani, lakini maji ya kunywa yalipandishwa kwa ndoo. Ya tatu ilikuwa kando ya njia ya kwenda Liuli, ya mzee mmoja mstaafu aliyeitwa Tadei: vyumba viwili, sebule, jiko la ndani, na baraza pana lenye nguzo nne.

"Shikamoo, mzee Tadei. Nimekuletea mpangaji."

"Marahaba, binti yangu. Ana watoto wa kunivunjia vioo?"

"Sina mtoto, mzee," Wilfred akajibu haraka, na Mosi akalisikia jibu hilo kwa masikio mawili. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mume wake wa kwanza alikuwa amempa talaka kwa ujumbe wa simu, na tangu hapo aliwaonyesha watu nyumba za kuishi wakati yeye mwenyewe amerudi kulala chumba kimoja na mama yake.

Wilfred alisimama katikati ya sebule tupu. "Ungekuwa ni wewe, ungeichukua hii?"

"Mimi si mpangaji."

"Nauliza. Chagua kama unajichagulia."

Mosi akacheka, kisha akaacha kucheka, akaangalia. Alifungua madirisha. Alipiga kuta ngumi kusikiliza kama zimeshika unyevu. Alitoka nje akatazama mahali maji ya mvua yanapopita. "Ningeichukua," alisema mwisho. "Lakini ningemwambia mzee abadilishe bati lile la pembeni, aweke wavu wa mbu kila dirisha, na aingize bomba jikoni."

"Basi mwambie."

Wilfred alirudi Mbinga kukabidhi ofisi, na hapo ndipo mambo yalipoiva, kwenye simu. Alipiga asubuhi Mosi akichota maji, na alipiga jioni akikaanga mihogo.

"Mosi wangu, umekula?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu uliponitukana sokoni. Niambie, chumba cha kulala ungekipaka rangi gani?"

"Bluu ya mpauko. Nyeupe huku inakuwa nyekundu kwa vumbi wiki moja tu."

"Nitumie kwa sauti, mpenzi. Napenda kukusikia."

Mosi akawa anamtumia ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, akiwa amesimama ndani ya nyumba ile huku fundi anapiga rangi. Alimweleza jiko lilivyokaa upande usiopigwa na upepo wa ziwa, kwa hiyo moshi hautarudi ndani. Alimweleza kuhusu michaichai aliyoipanda mlango wa nyuma. Siku moja, fundi alipokwenda kula, alisogeza simu mdomoni akasema kwa sauti ya chini: "Wili, kitanda tusikiweke upande wa barabarani. Mimi nikifurahi nasikika mbali. Usije ukanitia aibu na majirani." Akatuma, akaficha uso kwenye mtandio peke yake kama msichana wa shule.

Wilfred alishuka mara mbili. Mara ya pili waliketi barazani bila kiti wala mkeka, akamshika mkono, akampa pete? Hapana. Alimpa maneno tu, na maneno yake yalikuwa matamu mno hata Mosi hakuona kama kuna kilichopungua.

Mwezi ulipoisha, lori aina ya Fuso likasimama mbele ya nyumba saa nne asubuhi, limebeba kabati, makochi na kitanda cha futi sita. Mosi alikuwa amefagia tangu alfajiri, amevaa dera jipya na kujifukiza udi. Mlango wa lori ukafunguka, akashuka mwanamke.

Alikuwa na suti ya kitenge iliyoshonwa kwa ufundi, msalaba mdogo wa fedha shingoni na kucha zilizopakwa rangi ya zambarau. Aliitazama nyumba kwanza. Kisha akamtazama Mosi.

"Wewe ndiye Mosi," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiye mimi. Karibuni."

"Mimi ni Bonifasia, mke wake Wilfred."

Mosi akamtafuta Wilfred kwa macho. Alikuwa juu ya lori, amewapa mgongo, anahangaika na fundo la kamba.

Bonifasia alipita chumba hadi chumba, na Mosi akamfuata kwa sababu miguu yake haikujua pengine pa kwenda. "Jiko zuri. Moshi hautarudi ndani, kama ulivyosema. Na michaichai ile pale. Rangi nayo imetulia."

"Nilikwambia lini?"

"Hukuniambia mimi. Jioni alikuwa ananisikilizisha." Bonifasia akaegemea dirisha la chumbani, akajaribu wavu kwa ukucha. "Usinune, dada. Tulipohamia Mbinga kutoka Songea, dalali alitupangisha nyumba nzuri kwa macho. Masika ya kwanza maji yaliingia mpaka uvunguni. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nikahamisha makabati, na mimba ikatoka palepale sakafuni. Safari hii nikamwambia mume wangu: ukipata dalali mwanamke, mfanye aone nyumba ni yake. Hatakupeleka penye maji."

Mosi akaiangalia ile rangi ya bluu ukutani.

"Na kweli, hata mimi nisingechagua hivi." Bonifasia akatabasamu, na kama angeishia hapo huenda hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini hakuishia hapo. "Ila ile ya kitanda, kwamba ukifurahi unasikika mbali! Ile tuliirudia mara tatu. Tulicheka mpaka machozi."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kitenge kipya kilichokunjwa vizuri. "Cha asante," alisema. Mosi akakipokea, maana mikono yake ilikuwa imenyooka kabla akili haijafika.

Nyumbani mama yake, Bi Saida, alikipapasa kile kitambaa. "Kizuri. Cha nani?"

"Cha mteja," Mosi akajibu, akaingia ndani akalala na viatu.

Wilfred alipiga simu siku tatu mfululizo. Siku ya nne Mosi akapokea.

"Mosi, nisikilize. Mwanzo ulikuwa mpango wa Boni, sikatai."

"Na baadaye?"

"Baadaye ulikuwa wangu. Nilianza kukupigia hata asipokuwepo. Kuna sauti zako sikumsikilizisha, nilizificha. Nakupenda, Mosi. Wallahi."

"Usiape kwa dini yangu. Kama unanipenda, hama."

"Nihame?"

"Hama, Wilfred. Nitakutafutia chumba. Jumapili, mkeo akiwa kanisani."

Alisema hivyo kwa uchungu tu, apate kumsikia akijiumauma. Hakutegemea. Lakini Jumapili saa tatu Wilfred alikuwa sokoni na mabegi mawili na godoro dogo, na Mosi akampeleka kwenye ile nyumba iliyonuka samaki, akamfungulia chumba cha uani.

"Utakuja lini?" Wilfred aliuliza.

"Nikipata nafasi."

Mchana wa siku hiyo alipita njia ya Liuli kwa makusudi. Bonifasia alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza na nguo zake za kanisani, viatu ameviweka pembeni, kitabu cha nyimbo mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa akiitazama barabara kama mtu aliyeambiwa asubiri palepale. Jirani mmoja alimletea maji, hakuyapokea. Mosi alisimama upande wa pili akamtazama kwa muda wa kutosha. Na tuseme kweli: ilimpendeza. Ilimpendeza mpaka akatembea njia nzima akiimba kimoyomoyo. Utamu ulikwisha alipofika kwao, akakuta hawezi kula.

Kwenye chumba cha uani hakwenda. Wilfred alisubiri wiki ya kwanza, akasubiri ya pili. Alipiga simu: "Mosi, harufu hii itaniua." Mosi akasema, "Utazoea." Kila jioni ilimbidi ajitafutie kazi ya mikono, kwa sababu miguu yake ilikuwa ikitaka kwenda.

Wiki ya tatu Bonifasia alimkuta sokoni. Kucha zilikuwa zimebanduka rangi. Aliweka ufunguo juu ya meza ya muuza nyanya, kati yao.

"Narudi kwetu Mapera. Kodi imelipwa hadi mwezi wa kumi. Kaa wewe."

"Siitaki nyumba yako."

"Si yangu. Kila nikifungua dirisha nakusikia wewe." Akausogeza ufunguo mbele. "Mimi nilikuumiza kwa maneno, dada. Wewe umeniumiza kwa mtu. Na mimi angalau nilikuwa natafuta paa lisilovuja. Wewe ulikuwa unatafuta nini?"

Muuza nyanya aliinamisha uso, akajifanya anapanga mafungu. Bonifasia hakungoja jibu. Basi la Mbinga lilikuwa limeanza kupiga honi, akaenda akapanda, akakaa upande usioonekana.

Kesho yake Mosi alikwenda kuifagia nyumba ili aikabidhi kwa mzee Tadei. Makochi yalikuwa yamekwishachukuliwa. Alikuwa amepiga magoti anafuta sakafu ya sebule aliposikia hodi. Wilfred alisimama barazani, shati jeupe limepigwa pasi, amekonda, na safari hii mkononi alikuwa na kijisanduku kidogo chekundu.

"Nimezungumza na kaka yako Abdulmalik," alisema. "Nipo tayari kusilimu. Boni ameniambia mwenyewe kwamba hatarudi. Mosi, nioe... hapana, yaani, niruhusu nikuoe. Tukae hapa. Nyumba umeichagua wewe."

Alisema "nioe" kwa kuchanganyikiwa, na Mosi, bila kutaka, akatabasamu. Alikaa kwenye kizingiti. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani, baridi kidogo, na mikono yake iliyolowa ikamsisimka. Alimtaka. Alimtaka kama siku ile ya sweta, pengine zaidi.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema.

"Hata kumi, mpenzi."

"Mlipokuwa mnasikiliza sauti yangu, ile ya kitanda. Yeye akicheka. Wewe ulicheka?"

Wilfred akatazama kijisanduku. Neno lililohitajika lilikuwa fupi. Mosi alikwisha kuliandalia mahali. Angeliamini, angelifunga ndani ya moyo wake asilifungue tena maisha yake yote, na leo hii wangekuwa mume na mke. Alimtazama midomo, akimwombea aseme hapana, hata kama ni uongo.

Lakini Wilfred alikuwa amekaa wiki tatu peke yake ndani ya harufu ya samaki, na alikuwa ameapa kwamba hatamdanganya tena.

"Nilicheka," alisema. "Mara ya kwanza, nilicheka."

Mosi akatikisa kichwa polepole, akainuka, akachukua ndoo yake.

"Mosi! Nimekwambia kweli. Si ndiyo uliyoitaka?"

"Hapana," Mosi akasema. "Sikuitaka."

Akafunga mlango. Wilfred alibisha, akaita, akakaa kwenye ngazi ileile. Ndani, Mosi alimalizia kufuta sakafu chumba hadi chumba, na alipofika cha bluu akakaa chini katikati yake, akauma mtandio asisikike. Alipotoka kwa mlango wa nyuma jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye maji, na Wilfred alikuwa bado yupo upande wa mbele.

Miezi miwili baadaye mpima ardhi aliomba uhamisho, akapelekwa Tunduru. Mosi aliipangisha nyumba kwa mkunga mmoja, mama wa makamo kutoka Liuli, aliyekagua kila pembe bila haraka.

"Nyumba nzuri hii," mkunga alisema. "Mbona walihama upesi? Inavuja?"

"Haivuji, mama."

"Basi walishindwa nini?"

Mosi akatafuta ufunguo wa mlango wa nyuma kati ya zile nyingi mkobani. Alichelewa kuupata.

"Njoo nikuonyeshe jiko," alisema.