Mlango Uliofundishwa Adabu

Mlangotabibu ulikuwa unamsoma mtu figo kabla hajavua kofia. Ulisimama kwenye lango la hospitali ya jiji la Mkonge Mpya, na kila aliyepita chini yake alipigwa miale-pima kuanzia utosini hadi unyayoni: sukari, presha, mapigo ya moyo, vyote vikatokea kwenye kioo kikubwa cha kuingilia kilichokuwa mbele yake. Halafu sauti ya kike ilimuuliza swali moja.

Swali la nini tena, na kila kitu kimeshajulikana? La sheria. Huko ng'ambo ulikotengenezwa, mtu mzima akisema hana shida, hakuna daktari wala mashine inayoruhusiwa kumgusa. Wanaiita kauli funge, na inadumu hadi kesho yake. Nchi jirani walipoununua mlango huohuo, waliing'oa kwanza sheria hiyo ndipo wakausimika. Sisi tuliupokea na kila kitu chake, hata takataka za kasha.

Aliyeutia Kiswahili ni Mhandisi Mwanaidi Shekiondo, na huyo hakuwa mzembe. Swali la asili lilikuwa "Una shida?", kavu namna hiyo, naye alilelewa vizuri kwao. Utamvaaje mtu na shida zake hata hujamsalimia? Akaufundisha mlango adabu. Wizara ikampa cheti, akakitundika ofisini.

Asubuhi moja alikuwa langoni akikagua nyaya alipofika Bibi Mwantumu, ameshikwa mkono na bintiye Tausi. Bibi alikuwa analowa jasho, kiganja kakikandamiza kifuani.

"Shikamoo, bibi," mlango ukasema. "Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo." Akavuta pumzi ili aanze kueleza.

"Nashukuru. Uende salama."

Kioo kikajifunga mbele ya pua yake.

"Mama, si ungeuambia kifua?" Tausi alisema.

"Ningeanzaje na kifua, salamu haijaisha?"

Wakajaribu tena. Mlango ukajibu kwa upole uleule kwamba kauli yake imeshapokelewa, karibu kesho. Tausi akageuka, akaiona beji ya Mwanaidi.

"Wewe ndiye mwenye hili dude? Lifungue."

Mwanaidi alikuwa tayari anampigia Daktari Semboja, mkurugenzi.

"Daktari, mlango umeichukua salamu kuwa kauli funge. Naomba ufunguo wa dharura."

"Miale inasemaje?"

"Mshipa wa moyo unaziba."

"Na mgonjwa amesemaje?"

"Amesema sijambo, lakini daktari, hiyo ni..."

"Basi. Mlango huo unatumika nchi chungu nzima, Mwanaidi, ni sisi tu wenye maneno mengi. Nikivunja kauli ya mgonjwa, nashtakiwa mimi." Akakata simu.

Mwanaidi alichukua spana akakipiga kioo kwa nguvu zake zote. Kilitengenezwa kuhimili ghasia, hakikupata hata ufa. Bibi Mwantumu alikuwa amelazwa chini juu ya khanga ya bintiye, na moyo wake ulionekana pale kiooni kwa rangi nzuri za kupendeza, ukipiga, ukichelewa, ukipiga. Mashine ilijua. Ilijua kuliko daktari yeyote wa jiji lile, ikanyamaza kwa adabu mpaka mchoro wa mapigo ukanyooka.

Matanga yalipoanuliwa, Mwanaidi alikwenda kwa Tausi. Kazi alikuwa ameacha. Usingizi haukumjia, chakula hakikupita, macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, na hakuona ni lipi litangulie.

Tausi alifungua mlango nusu. Alimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Hujambo?" akauliza.

"Sijambo," Mwanaidi akajibu, neno likimtoka lenyewe kama lilivyomtoka tangu utotoni. Akavuta pumzi ili aanze kueleza.

"Nashukuru," Tausi akasema. "Uende salama."

Akafunga mlango.