Sauti ya Pili kwenye Kaseti

Wimbo wa tatu ulipofika kwenye kiitikio, fundi redio alisimamisha mashine, akakunja uso.

"Nani kaitikia hapa?"

Hawakuwa na mwitikiaji. Bendi nzima ilikuwa watu watatu: fundi mwenyewe kwenye ngoma, Chiriku kwenye kuimba, na dada yake Chiriku kwenye gitaa. Walikuwa wanajirekodia albamu yao ya kwanza kwenye stoo ya nyuma ya duka la fundi, katikati ya redio mbovu, kwa mashine ya kaseti na maikrofoni moja, maana studio zote ziliwakataa. Mikwaruzo ilisikika, mlango ulisikika, hata fundi akipiga chafya. Lakini hii haikuwa chafya. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyororo, ikimfuata Chiriku nyuma kama mtu anayejifunza mwendo wa mwenzake.

"Kaseti ilishatumika," fundi alisema. "Ni mabaki tu." Mwenyewe hakuonekana kuamini.

Dada mtu aliinamia gitaa lake. Nyimbo zote alizitunga yeye, lakini popote walipopiga watu walimzonga Chiriku, naye akabaki anakunja nyaya. Jana yake, wenzake walipotoka kwenda kula, aliisogelea maikrofoni akanong'ona, "Laiti ningeimba mimi, yeye anyamaze." Papo hapo stoo ilijaa harufu ya maua yaliyoozea majini.

Walirekodi upya. Kila waliporudia, ile sauti ya pili ilisogea mbele na ya Chiriku ikafifia, mpaka asubuhi moja Chiriku alifungua kinywa kumwamkia dada yake, ikatoka pumzi tupu. Mchana wake dada mtu alikuwa anaosha vyombo, akajikuta anaimba. Sahani ikamponyoka. Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye kaseti. Na, Mungu amsamehe, aliipenda.

Shangazi yake fundi, mganga wa majini, aliitwa. Aliinusa mashine, akarudi nyuma.

"Huyu hakujiingilia. Kaitwa." Aliwatazama mmoja mmoja. "Humu wamo wawili, jini na sauti ya huyu mtoto. Wa damu moja ndiye atakayewatofautisha. Ukimsikia jini peke yake, bonyeza kitufe cha kurekodi, kimya kimfute. Lakini sikia, mwanangu. Ukimfuta mdogo wako, harudi."

Dada mtu alivaa hedifoni. Chiriku akamshika mkono.

Mwanzoni palikuwa na mvumo tu, kisha pumzi, kisha harufu ile ikampanda puani kana kwamba inatoka kichwani mwake mwenyewe, na mbali kabisa, chini ya ngoma na gitaa, kitu kikaja kinajikokota kuelekea kwake, kinagonga huku na kule kama kipofu kwenye nyumba ngeni, kikaita kwa sauti aliyoijua tangu ilipokuwa inalilia maziwa: "Dada, ni mimi. Humu giza. Nitoe, dada."

Na karibu zaidi, kama midomo inayogusa sikio, mwingine akacheka polepole. "Mtoe. Mimi nitaondoka, nawe urudi kwenye nyaya zako."

Kisha ikabaki ile sauti ya mbali peke yake, inaita. "Ni yeye?" mganga alinong'ona.

Dada mtu alimtazama mdogo wake. Macho yale hayakuwa na shaka hata chembe.

"Siye," alisema. "Huyu ndiye jini."

Akabonyeza. Chiriku alishtuka, akajishika koo, kisha taratibu akauachia mkono wa dada yake.

Kaseti zilitoka, na siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Dada mtu aliimba mpaka watu wakapanda juu ya viti. Aliposhuka jukwaani walimzonga yeye, wakamgusa nguo, wakamlilia. Kwa juu ya mabega yao alimwona Chiriku amesimama peke yake mlangoni, anampigia makofi. Kitu kikamkata moyoni. Aliwapenya watu, akamfikia, akafungua kinywa kumwambia, nisamehe.

"Na huyu bubu," sauti nyororo ikawauliza watu, "nani kamruhusu kuingia huku? Mtoeni."

Walinzi wakamshika Chiriku mkono. Dada mtu alitaka kupiga kelele. Midomo yake ikatabasamu, ikaanza wimbo mwingine.