Matone ya Jioni ya Koko Seleina

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya uwanda, Tabea aliamka kumsaidia mama yake kukamua ng'ombe. Maziwa yalitoa mvuke ndani ya kibuyu, na kutoka upande wa Kimamba jogoo waliwika kwa mbali, kana kwamba walikuwa wakiwika ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Alipomaliza kukamua, alinawa uso, akavaa sare ya shule, kisha akaenda kumtia bibi yake dawa ya macho.

Bibi huyo aliitwa Seleina, lakini boma zima lilimwita Koko, kama wanavyomwita bibi kwao. Alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Daktari wa Kilosa aliwaeleza kwamba ndani ya jicho la kila mtu kuna maji yanayoingia na kutoka. Kwa Koko yalikuwa yakiingia vizuri lakini kutoka yalitoka kwa shida, basi yalijaa na kuukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huo hauumi wala hauwashi. Huanza kula pembeni taratibu, na mwenye macho hajui.

Koko aliona vizuri kilichokuwa mbele yake. Aliweza kumtambua ng'ombe mmoja mmoja kwa mabaka yake. Lakini kuume na kushoto kwake, alisema, kulikuwa na ukungu usiotoweka hata jua likitoka. Siku moja Tabea alikunja viganja vyake kama bomba, akachungulia katikati na kujaribu kutembea hivyo. Hakufika mbali. Alijikwaa kwenye gogo, akajigonga kwenye ua wa miiba. Tangu siku hiyo hakuona tena kuwa kazi yake ni ndogo.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitiwa asubuhi na jioni, ya pili jioni tu. Tabea hakusahau hata siku moja. Koko alisimama mlangoni, akainua uso, Tabea akaminya chupa. Tone lilianguka penye kope, Koko akapepesa kwa nguvu na kujifuta kwa shuka. Jioni dawa ya pili ilifuata papo hapo, kisha chupa zote zikarudishwa kwenye tundu la ukuta karibu na jiko. Koko alilalamika kwamba dawa ilimfikia kooni, chungu kama majani ya mwarobaini. Tabea alidhani huo ndio ushahidi kwamba inafanya kazi.

Jambo moja tu lilimsumbua. Chupa ya kwanza iliisha kabla ya siku ya kliniki, na si mara moja. Alidhani labda inavuja.

Kisha asubuhi moja aliamka mapema kuliko kawaida. Ukungu ulikuwa mzito, na ndani yake aliona shuka jekundu limeinama kwenye zizi la ndama. Alisogea. Koko alikuwa amepiga magoti, kichwa cha ndama mweupe kikiwa mapajani mwake, akimdondoshea dawa jichoni. Ncha ya chupa ilikuwa imegusa kope za ndama zilizojaa tongotongo. Koko hakushtuka. Alimweleza mjukuu wake kwa upole kwamba macho ya ndama yamekuwa yakilia siku nyingi, na kwamba dawa iliyo njema kwa mtu haiwezi kumdhuru mnyama.

Tabea alisimama na kibuyu mkononi. Kwao mtoto hamkosoi mtu mzima, sembuse bibi. Akarudi kukamua, asiseme neno. Baada ya siku chache chupa ikaisha, na wiki nzima ikapita bila dawa ya kwanza.

Siku ya kliniki baba yake, Kisio, aliwapeleka Kilosa kwa gari la asubuhi. Muuguzi wa macho aliitwa Monica, mama mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Tabea alimwamkia, na alipoitikiwa marahaba akakaa kati ya muuguzi na bibi yake, maana Koko alijua Kiswahili kidogo na mjukuu ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Presha ilipimwa. Ilikuwa imepanda. Muuguzi Monica aliwaeleza kwamba ikiendelea hivyo itabidi kufikiria upasuaji, na kwamba sehemu ya jicho iliyokwisha kufa hairudi kwa dawa yoyote. Kisha akauliza kama dawa ilitiwa kila siku, na chupa iliisha lini.

Koko alijibu kwa lugha ya nyumbani, akitazama mbele. "Mwambie tunatia kila siku. Mwambie imeisha jana."

Tabea alifungua kinywa. Maneno ya Kiswahili yalikuwa tayari ulimini, mepesi, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa kazi ya mkalimani ni kusema alichoambiwa. Alimtazama baba yake, lakini baba alikuwa akitazama dirishani. Ndipo akamgeukia bibi yake na kusema kwa lugha yao, polepole, macho yakiwa chini kwa heshima:

"Koko, nikisema hivyo atatupatia dawa ileile kwa namna ileile. Na macho yatakayopotea si yangu. Ni yako."

Koko akaushika mkono wa mjukuu wake, akausugua kwa kidole gumba.

"Sema kama ilivyo," akasema.

Tabea akasema yote: ndama, chupa, na wiki iliyopita bila dawa. Muuguzi Monica hakukemea. Alieleza tu kwamba dawa ya mgonjwa ni yake peke yake, na kwamba chupa iliyogusa jicho lingine, liwe la mtu au la mnyama, huweza kubeba vijidudu. Kisha akampa Tabea chupa ya maji safi ya macho, akamwomba amtie Koko kama wanavyofanya nyumbani. Tabea akafanya. Tone likaishia shavuni.

Hapo ndipo Tabea alipojua kwamba hata siku alizotia dawa kwa uaminifu, sehemu yake kubwa ilikuwa ikinywewa na shuka.

Muuguzi alimfundisha upya. Nawa mikono kwanza. Mgonjwa aketi au alale, atazame juu. Vuta kope la chini taratibu mpaka lifanye kifuko, udondoshe tone moja tu humo, chupa isiguse kitu. Kisha mgonjwa afumbe macho bila kukaza wala kupepesa, na kidole kikandamize kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, ili dawa isiteremkie kooni. Ikiwa kuna dawa ya pili, wasubiri angalau dakika tano, vinginevyo ya pili huiosha ya kwanza. Na chupa zisikae karibu na moto. Waliporudi walikuwa na chupa mpya, na Kisio akamtafuta mtaalamu wa mifugo aje amwone ndama.

Nyumbani taabu ilibaki moja. Koko hakupenda kukaa amefumba macho wakati bado kuna mwanga. Alisema ni kujizoeza kuwa kipofu. Jioni ya kwanza alitaka kuinuka kabla ya muda. Tabea, kidole kikiwa kwenye kona ya jicho la bibi yake, alimwuliza anaona nini humo ndani.

Koko akasema anaona uwanda wa Mkata, mwaka wa ukame, yeye akiwa msichana. Walikuwa wakihamisha ng'ombe kuelekea upande wa Mikumi. Alfajiri waliamka wakaona mawe makubwa ya kijivu ambayo jioni hayakuwapo. Mawe yale yakaanza kutembea. Walikuwa tembo, wengi, wakipita kimyakimya kana kwamba ardhi imewekewa pamba, na vumbi lao likageuka dhahabu jua lilipotokeza.

Tabea naye alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, muda wa kusubiri dawa ya pili ulikuwa umeshatimia.

Tangu hapo jioni zikawa hivyo. Ng'ombe walirudi na kengele zao, moshi ukatambaa chini, tone la kwanza likaingia, na Koko akaingia katika nchi yake ya zamani, akimchukua mjukuu pamoja naye. Tone la pili lilipotiwa, safari iliendelea. Walipokwenda arusi Kidete, chupa zilisafiri nao ndani ya kitambaa safi. Na asubuhi moja Koko aliposema leo anajisikia mzima, dawa ipumzike, Tabea alimkumbusha kwa upole kwamba ugonjwa huo ndivyo unavyodanganya. Koko akaketi.

Walipokwenda tena kliniki, presha ilikuwa imeshuka. Koko aliuliza kama sasa ule ukungu wa pembeni utaondoka. Muuguzi Monica alimwambia ukweli: hautaondoka, lakini dawa ikitiwa vizuri kila siku, kuna matumaini makubwa kwamba hautasogea mbele.

"Tabea," muuguzi akaendelea, "dawa kuwa ndani ya nyumba si tiba. Tiba ni kuitumia inavyotakiwa, kila siku, hata mgonjwa asiposikia maumivu. Na anayemtibu mtu hawezi kumsaidia akifichwa ukweli. Ulipousema ukweli kwa adabu, hukumvunjia bibi yako heshima."

Tabea akageuka ili amtafsirie bibi yake, lakini Koko aliinua mkono kumzuia. Alikuwa ameelewa. Akatafuta maneno yake machache ya Kiswahili, akayapanga moja moja.

"Mimi nilifikiri heshima ni mtoto kunyamaza," akasema. "Siku ile angenyamaza, kesho ningesikia sauti yake tu. Sasa namwona."