Nyasi za Makaburini

"Mbona kwenye video ya maziko baba anatolewa mlangoni, halafu papo hapo ni tuta la udongo?" Ramlah aliuliza. Pete ya uchumba alikuwa ameivua na kuiweka kando ya kibodi.

Ridwan hakumtazama. Studio yake pale Walukuba, Jinja, ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyokwama.

"Nilikata palipoharibika."

"Wanawake hatufiki makaburini. Nilikuomba uwe macho yangu kule Mbale, Ridwan. Jambo moja tu."

Akamsogezea simu. Ujumbe ulikuwa wa Asadu, kaka yake Ramlah: *Mtu wako wa kamera alitoroka kabla hatujamshusha mzee. Baba alikukatalia huyo, hukusikia.*

Ridwan aliusoma mara mbili.

"Asadu kaandika hivi?"

"Kanusha basi."

"Sitaki kukugombanisha na ndugu yako msibani."

"Hilo si jibu. Nimalizie video niende zangu. Ila hapo usinirushe ghafla hivyo. Weka transisheni, mlango ufifie polepole, kaburi liingie. Hata hilo limekushinda?"

Ridwan akaiburuta transisheni hadi pale klipu mbili zilipokutana. Programu ikagoma.

"Inataka sekunde za ziada," alisema. "Zipo zile nilizokata mwanzoni mwa klipu ya kaburi. Ni nyasi tupu. Aibu kumwonyesha mteja."

"Kumbe mimi ni mteja?"

Ramlah akachukua kipanya mwenyewe, akaivuta klipu irudi nyuma mpaka mwanzo.

Nyasi kweli. Kamera ilikuwa imelazwa chini, viatu vya watu vikipita mbele yake. Kisha sauti ya baba yake mdogo ikasikika:

"Asadu, shuka umpokee baba yako."

"Siwezi, baba mdogo."

"Sasa nani? Mwanangu Swaibu yuko peke yake humo kaburini."

"Nishuke mimi?"

Ramlah aliijua sauti hiyo.

"Wewe? Mzee hakukutaka."

"Najua. Nipisheni."

Mbele ya kamera vikavuliwa viatu vyeusi, vile alivyomnunulia Ridwan Idi iliyopita. Kisha, kutoka chini:

"Bismillahi wa ala millati rasulillah. Polepole, Swaibu. Kichwa nimekishika mimi."

Ramlah akakaa.

"Ulimlaza wewe."

"Mimi na Swaibu."

"Na ukanyamaza."

"Asadu alilia, akaniomba nisimwaibishe. Halafu picha yenyewe ilikuwa mbovu."

"Umenikatia baba yangu kwa sababu picha mbovu?"

Machozi yalikuwa yakimdondoka Ridwan kwenye kibodi, akayafuta kwa mkono wa shati kama mtu anayefuta vumbi.

"Transisheni niiweke wapi sasa?" aliuliza.

"Usiweke. Ziache nyasi zote."

Udongo ukaanza kumwagwa, koleo baada ya koleo. Ramlah akaichukua pete, akaifumba kiganjani mpaka sauti ya mwisho ilipotulia. Ndipo akaivaa.

"Ijumaa tunaenda Mbale," alisema. "Wewe na mimi. Asadu ataitazama hii mbele yangu."

"Na akikataa?"

"Ataisikia akiwa amegeuka."